Mgonga Mlango

Mtoni, 3 Juni 2025

Demetria,

Mashine yako imekufa. Nimeona nianze na hilo, maana ndilo ulilokuwa ukilingoja nikuambie, na ndilo nililokuwa nikilingoja litokee.

Nikukumbushe, ili tusije tukabishana juu ya yaliyosemwa. Mzee Gibson alipofia chumbani kwake Chang'ombe, majirani wakagundua kwa harufu, sote katika chama tuliona aibu. Mie nikasema tugawane mitaa, kila asubuhi mtu akamgongee mwenzake anayeishi peke yake. Wewe ukasema watu wataahidi na hawatakwenda. Ukataka kompyuta itume meseji kila alfajiri, "Umeamkaje?", naye ajibu "Nimeamka", na asiyejibu hadi saa sita mchana, mtu aliyemtaja mwenyewe apate meseji akamgongee mlango. Nikasimama mkutanoni nikasema: mashine haigongi mlango. Mkanipigia kura nikashindwa. Kisha mwezi wa tatu ukahamia Wazo, ukaniachia mie, katibu na mpinzani wako, kulea mtoto nisiyemzaa.

Sasa sikia. Marietha amenikamata baada ya misa: "Katibu, mie siku hizi siamshwi. Nimefukuzwa chama?" Kornelio mchongaji naye hivyo hivyo. Rosalia naye. Nikadhani ni Leodegar, maana akichomelea mageti yake pale mbele ya ofisi taa zinacheza kama ngoma. Leodegar akaniambia, "Mwalimu, mie nachomeleaga saa tatu. Hiyo alfajiri yako nipo kitandani na mke wangu. Usinisingizie."

Jumapili nikaenda mwenyewe, nikaiwasha kwa mkono kama ulivyoelekeza. Ikaenda mpaka mwisho, ikaandika "Imekwisha". Marietha alipata yake mchana akiwa anachagua dagaa, anaulizwa kaamkaje! Jumatatu alfajiri, kimya tena. Yaani ikitazamwa inafanya kazi, ikiachwa peke yake inalala. Nimeshawahi kufanya kazi ofisi za umma, naijua tabia hiyo.

Nchi nzima siku hizi imejificha nyuma ya neno "mfumo". Unakwenda dirishani unaambiwa mfumo uko chini. Uko chini ya nini? Nani ameukalia? Hakuna anayejua, na hakuna anayeona aibu kutojua. Sikutaka chama chetu cha watu maskini nacho kipate mfumo wake wa kuwa chini. Mmenishinda kwa kura. Haya.

Sikupigii simu kwa sababu tukiongea utanikatiza. Kwenye barua pepe hata wewe huwezi.

Adelard

*

Wazo, 4 Juni 2025

Kaka Adelard,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, pamoja na hotuba.

Programu haiishi hewani. Anayeiwasha ndiye anayeipa mazingira: majina madogo madogo yenye thamani, tunayaita vigeu vya mazingira. Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Groovy, na Groovy inayasoma hivi:

System.getenv('JINA')

Halafu Groovy inaita skripti ya shell, yaani faili fupi la amri, salamu.sh, ambayo ndiyo inayozungumza na modemu yenye laini ya simu na kutuma meseji. Skripti hiyo inarithi nakala ya mazingira yale yale. Ukiiwasha wewe kwa mkono, inarithi ya kwako, ya lile dirisha jeusi ulilofungua. Ikijiwasha alfajiri, inarithi yaliyoandikwa kwenye faili la mazingira. Kwa hiyo kitu kinachofanya kazi kwa mkono na kugoma alfajiri, mtu anaanza kwa kulitazama faili hilo.

Maswali mawili tu. Umebadilisha chochote humo? Na wanaolalamika, wako juu kwenye orodha au chini?

Mie niko salama. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyohitaji.

Demetria

*

Mtoni, 9 Juni 2025

Demetria,

Sijabadilisha chochote. Nakujibu swali la kwanza kwanza, kwa sababu lina harufu ya tuhuma.

La pili: wako chini. Marietha, Rosalia, Kornelio, wote waliingia mwishoni. Wa juu wanaamshwa vizuri tu. Stanley fundi makochi, ambaye ni wa kwanza kabisa, anasema anaamshwa hadi anakereka. Kwa hiyo mashine yako ina matabaka. Waliotangulia wanapata, waliochelewa wangoje. Nimepigana na jambo hilo maisha yangu yote, nimeliandikia magazeti mpaka wahariri wakaacha kupokea simu zangu, kumbe linaweza kukaa ndani ya boksi la bati nyuma ya karakana.

Jana baada ya misa nimeiwasha tena kwa mkono. Imekwenda mpaka mwisho bila kugugumia. Leo alfajiri, kimya. Nimekunakilia mahali inapoita ile skripti, usije ukasema sijaangalia:

def p = ['sh', 'salamu.sh'].execute()
p.waitFor()
println p.text

Mistari mitatu. Kwa mistari mitatu watu wazima tuliacha kutembeleana.

Nimepita juzi pale ulipokuwa unaishi. Mpangaji mpya ameweka geti la Leodegar, na juu ya ukuta chupa zilizovunjwa. Watu wa mji huu wananunua geti kabla hawajajua jina la jirani, halafu wakifa ndani tunalaumu geti kwa kuwa zito.

Na wewe huko Wazo, nani anakugongea? Natumaini "Nimeamka" zako zinaingia. Sijaziangalia. Sipendi kuchungulia watu.

Adelard

*

Wazo, 10 Juni 2025

Kaka Adelard,

Jumapili zote mbili uliiwasha karibu saa saba mchana. Najua.

Ile mistari mitatu niliiandika mie na imefanya kazi mwaka mzima. Kama kweli hakuna kilichobadilika kwenye faili la mazingira, basi sijui, na sipendi kukisia kitu nisichokiona. Endelea kuiwasha kwa mkono kila siku mpaka tujue. Si Jumapili tu. Kila siku.

Kwa jirani kuna mlinzi getini, anaitwa Faraji. Ni kijana mwenye heshima.

Demetria

*

Mtoni, 12 Juni 2025

Demetria,

Kaa chini kwanza.

Jana, Jumatano, nilikutii. Nilikwenda ofisini asubuhi, nikaiwasha kwa mkono. Wa juu wakaulizwa mara mbili, Stanley akanitumia tusi. Nikakaa kwenye benchi la Leodegar na gazeti nikingoja saa sita, nione mashine inasemaje ikifika mwisho wa kazi yake. Saa sita ikaandika:

Kornelio: hajajibu. Mgonga: null

Nikamwuliza Leodegar, "Null ni nani?" Akainua miwani yake ya kuchomelea, akafikiri. "Simjui, Mwalimu. Labda mpangaji mpya."

Sikumngoja huyo mpangaji. Nikaenda mwenyewe.

Mlango wa Kornelio ulikuwa umerudishiwa tu. Nilipogonga akaitikia kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Karibu, haujafungwa, ila mie siwezi kusimama." Alikuwa sakafuni katikati ya vumbi la mpingo. Alianguka Jumatatu akiinua gogo, nyonga imevunjika. Kwa muda wote huo alikuwa anakunywa maji ya kwenye bakuli la kunolea patasi, meusi kama wino. Simu ilikuwa mezani juu yake, haifikii. Unajua aliniambia nini? "Jumatatu na jana sikusikia mlio. Leo imelia. Nikasema, sasa wamenikumbuka."

Yuko hospitali. Daktari anasema ataishi, ila kuchonga kwa kusimama labda asahau.

Sasa nakuuliza wewe, si mashine. Huyu null ni nani? Ulimpa nani jukumu la mlango wa Kornelio, naye yuko wapi, na kwa nini hakwenda? Nataka jina lake. Nitakwenda kwake na nitasema naye mbele ya watu. Maana zamani kuna mtu alikuwa akija. Kornelio alisema kwenye gari, "Nikichelewaga kuamka, alikuwa anakuja yule mama." Nikamwuliza mama gani. Maumivu yakamzidi, hakujibu.

Na nyingine. Umejuaje kwamba Jumapili ilikuwa karibu saa saba? Mie sikukuandikia saa.

Adelard

*

Wazo, 12 Juni 2025

Kaka Adelard,

Pole, na asante kwa kwenda. Nimemwombea Kornelio, halafu nikaona aibu ya kuomba wakati kuna la kufanya.

Null si mtu. Null ndivyo programu inavyosema ikitafuta kitu na kukuta hakipo. Mahali penyewe ni hapa:

def mgonga = mtu.mgonga ?: System.getenv('MGONGA')

Maana yake: kama mwanachama ametaja mtu wa kumgongea, mchukue huyo. Kama hana wa kumtaja, mchukue aliyeandikwa kwenye kigeu cha mazingira kiitwacho MGONGA. Unakumbuka tulipokuwa tunajaza majina ya wagongaji? Kuna watu walifika kwenye nafasi hiyo wakaniambia, "Iache tu, dada." Kornelio alisema, "Andika yeyote." Sikutaka programu iwe na watu wasio na mtu.

MGONGA ilikuwa namba yangu.

Hao waliokuwa hawajajibu na hawana wa kuwagongea, meseji ilikuwa inakuja kwangu. Nilikuwa natoka kazini Chang'ombe saa ya chakula cha mchana, natembea. Mara nyingi walikuwa wamelala tu, au simu haina chaji. Nilikunywa uji mwingi wa watu. Siku ile uliyosimama tena mkutanoni ukarudia kwamba mashine haigongi mlango, ulikuwa sahihi. Nilikuwa nimetoka kugonga wa Kornelio.

Nilipohama niliitoa namba yangu kwenye faili, kwa sababu kutoka Wazo nisingefika kwa wakati, na ahadi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutoahidi. Nilikusudia kukuambia ujaze nyingine. Ilikuwa siku ile uliyoniambia mbele ya kamati kwamba mtu anayekimbia mtaa asiuachie mtaa mitambo yake. Nikaondoka bila kuaga. Nikajisemea, ataona null, atauliza.

Kuhusu Jumapili. Mie ni wa mwisho kwenye orodha. Tangu Pasaka iishe siamshwi. Nilidhani umenifuta. Sikutaka kuuliza, kwa sababu mtu akiuliza kama amefutwa, anakuwa amekubali kwamba anaweza kufutwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu simu ikalia, karibu saa saba: "Umeamkaje?" Nikadhani ni wewe. Sikudhani ni mashine, nilidhani umekaa pale ukaandika. Nikajibu hapo hapo. Jumatatu kimya, nikadhani umejutia. Jumapili iliyofuata, tena. Jana, tena. Nikaelewa ya kwangu inakuja siku unayoiwasha kwa mkono.

Ningelisema hilo mapema tungelijua zaidi. Sikusema.

Demetria

*

Mtoni, 14 Juni 2025

Demetria,

Sijawahi kufuta jina la mtu. Nimegombana na watu wa mji huu mpaka wanavuka barabara wakiniona, lakini jina la mtu aliye hai silifuti. Ungenijua hivyo. Tumejuana tangu sote tuna nywele nyeusi.

Jana nilikaa ofisini bila kufanya kitu. Leodegar aliniuliza kama naumwa. Nimekuwa nikiwaza kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa natangaza watu hawagongeani tena milango, na wewe ulikuwa unanisikiliza na vumbi la Mtoni bado liko viatuni. Kwa nini hukusema? Ungeninyamazisha kwa sentensi moja. Mie ningekuwa wewe ningeisema kwa kipaza sauti.

Sasa la kwangu. Uliniuliza kama nimebadilisha kitu nikakujibu hapana kwa ukali. Nilibadilisha. Baada ya Pasaka nilifungua faili lako la mazingira, na juu ya salamu.sh nikasoma ulichoandika: ukitaka skripti ieleze kila hatua, weka MANENO=yote. Nikaweka. Miaka ishirini nimehubiri uwazi, sikuweza kulala na mashine inayofanya kazi kimya chini ya ulinzi wangu. Nilitaka iseme kila kitu: imepiga namba ipi, modemu imejibu nini, imengoja kiasi gani. Kila kitu.

Sikuwahi kusoma hata mstari mmoja wa ilichosema.

Sikuona uhusiano. Kuongeza maneno kunamwua nani?

Adelard

*

Wazo, 14 Juni 2025

Kaka Adelard,

Ndilo hilo. Nimecheka peke yangu jikoni, kisha nikaacha.

Groovy ikiiwasha ile skripti, maneno yote ya skripti yanapita kwenye bomba, na ncha ya pili ya bomba imeshikwa na Groovy. Bomba lina ujazo wake. Tazama nilivyoandika: p.waitFor(), ngoja imalize, halafu p.text, soma ilichosema. Skripti ikiwa na maneno machache haina madhara, yanakaa bombani mpaka yasomwe. Wewe umeiambia iseme kila kitu. Ikafika kwa watu wa katikati ya orodha bomba likajaa. Skripti ikasimama na neno linalofuata mdomoni, inangoja mtu asome. Groovy nayo imesimama, inangoja skripti imalize ndipo isome. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana hukuona kosa lolote. Vinangojana tu mpaka jioni, na ile kazi ya saa sita haifikiwi, na hakuna anayetumwa kugonga.

Ukiiwasha kwa mkono, dirisha lako jeusi halina MANENO. Skripti inanyamaza, inafika mpaka kwangu.

Futa mistari miwili ya chini, uweke mmoja:

def p = ['sh', 'salamu.sh'].execute()
p.waitForProcessOutput(System.out, System.err)

Huu unangoja huku unasikiliza. Ningeuandika hivyo tangu mwanzo. Nilikuwa najua, nikaona hii ni skripti ndogo, haina ya kusema. MANENO unaweza kuyaacha humo.

Kwa nini sikusema kuhusu milango: ulikuwa unaongea.

Demetria

*

Mtoni, 18 Juni 2025

Demetria,

Jibu lako la mwisho nimelisoma mara nyingi kuliko lilivyo refu.

Nimefanya ulivyosema. Jumatatu alfajiri wote wamepata, juu mpaka chini. Marietha kanisubiri barabarani na kanga kichwani, anapunga simu: "Katibu! Nimerudishwa!" Nikamwambia hukuwahi kutolewa. Akasema, "Mtu asiyesalimiwa anajuaje?"

Kornelio anawagombeza wauguzi. Anataka patasi zake kitandani. Nimemwambia hospitali si karakana, akaniambia nami si daktari, tukaendelea hivyo hadi muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Alifurahi sana.

Nimeweka MGONGA. Namba ni yangu. Wasiokuwa na mtu, mtu wao ni mie. Nilidai kazi hii mkutanoni, nimeipata. Nimeandika export MGONGA na namba yangu kwenye dirisha jeusi, nikalifunga. Kwa uhakika nikaandika tena ndani ya salamu.sh. Lakini jana saa sita bado inasema null. Rosalia alikuwa amesahau simu kwa shangazi yake, na mashine ikamtuma null akamgongee. Nilikwenda mie kwa sababu nilikuwa nimekaa pale naitazama.

Adelard

*

Wazo, 19 Juni 2025

Kaka Adelard,

Ulichoandika kwenye dirisha jeusi ni cha dirisha hilo na vile vinavyozaliwa ndani yake. Umelifunga, kimekufa nalo.

Na ndani ya salamu.sh hakiwezi kusaidia, kwa sababu skripti ni mtoto na Groovy ni mzazi. Mtoto anarithi nakala ya mazingira ya mzazi siku anayoanzishwa. Baada ya hapo akibadilisha chochote ni chake mwenyewe. Mzazi haoni, hajui, na mtoto akimaliza kazi anaondoka nacho.

Liweke kwenye faili la mazingira, pale ulipoweka MANENO. Kisha uizime na kuiwasha upya, kwa sababu mazingira yanasomwa mwanzoni tu.

Tunahitaji kulijaribu. Mie sina mgonga kwenye orodha; niliiacha wazi nilipohama. Kwa hiyo Jumamosi sitajibu, makusudi. Saa sita meseji inapaswa kukufikia wewe: "Demetria hajajibu, kamgongee." Ukiipata, niandikie. Usije. Ni jaribio tu.

Demetria

*

Mtoni, 20 Juni 2025

Demetria,

Nimeweka kwenye faili. Nimezima, nimewasha.

Kuhusu mtoto anayeondoka na nakala na mzazi hajui kilichobadilika, usinifundishe. Nina Gladness Arusha. Huwa ananitumia picha ya sikukuu, ile ile inayotumwa kwa watu wote.

Kumbe nafasi yako ya mgonga iko wazi. Nilikuuliza mwanzoni mwa mwezi nani anakugongea, ukanijibu kwa habari za mlinzi wa jirani. Mie ni mtu wa maneno, naona neno linapokwepa.

Adelard

*

Wazo, 22 Juni 2025

Kaka Adelard,

Nilikuambia usije.

Kutoka Mtoni mpaka Wazo ni kuvuka mji mzima. Ungeniandikia maneno mawili, "meseji imefika", tungemaliza. Badala yake nikasikia getini kwa jirani sauti ninayoijua ikimwuliza Faraji anamlinda nani, dhidi ya nani, na kama wanaolindwa wanajua jina lake la pili. Mlango wangu ulikuwa wazi, nimesimama pale nakutazama, na bado ukapiga hodi mara tatu kwenye fremu. Nikakuambia, "Si unaniona?" Ukasema, "Meseji inasema nigonge. Haisemi nichungulie."

Kwa hiyo jaribio limefaulu. MGONGA inasomeka. Unaweza kuandika hivyo kwenye taarifa ya chama.

Sasa niseme ambalo sikusema jana tukiwa na chai, kwa sababu ulikuwa unaongea, na safari hii sikutaka unyamaze. Ulipoondoka niliosha vikombe viwili. Nilikuwa nimesahau kwamba vinagongana kwenye beseni. Nikakaa mpaka giza likaingia, nyumba ikawa kubwa kuliko Ijumaa. Nilihama kwa sababu nilichoka kuwa mtu wa watu wasio na mtu. Nilidhani Wazo nitapumzika. Kumbe kule nilikuwa nagonga milango na mlango ulikuwa unafunguliwa. Hapa hakuna nitakayemwamsha.

Usije kila Jumamosi. Sitaki kuwa jaribio la kudumu. Ila nafasi yangu ya mgonga iache wazi vile vile, iendelee kusoma mazingira. Kesho alfajiri nitajibu. Lakini sitajibu mapema.

Na jambo la mwisho. Niliona jana unavyopanda ngazi tatu za baraza langu na kusimama ya pili. Mtu anayegonga milango ya wengine lazima ajulikane kama yeye mwenyewe kaamka. Ulikataa kuingia kwenye orodha tangu siku ya kwanza, ukasema huhitaji kuamshwa na bati. Jiandike. Nafasi ya mgonga weka namba yangu. Usiniambie ni mbali. Hoja hiyo umeiua mwenyewe jana.

Demetria

*

Mtoni, 24 Juni 2025

Demetria,

Nimeamka.

Nimejiandika, na "Umeamkaje?" yako iliingia saa kumi na mbili alfajiri. Mie nilikuwa macho tangu saa kumi. Hilo halina nafasi yake kwenye orodha.

Adelard